Hitima ya Mtu Aliyekuwa Hai

Ilford, Jumamosi, mwezi wa Shaaban

Mvua nyembamba tangu alfajiri. Baridi imeingia mpaka kwenye vifundo vya vidole, na ninaandika polepole.

Niwieni radhi kwa kimya kirefu. Baadhi yenu mliandika kuuliza kama naumwa. Mmoja wenu, niliyemfundisha darasa la sita, aliuliza kwa adabu nyingi kama bado nipo. Nipo. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na jambo ambalo sikujua niliandike vipi, nami sikutaka kuujaza ukurasa huu kwa maneno ya kupitisha wakati. Mmezoea kunisoma nikiwalalamikia watangazaji na waandishi wa magazeti. Leo sina hamu ya kumsahihisha mtu.

Majina ya humu nimeyageuza. Kama wewe ni wa kwetu na ukatambua ni nyumba ya nani, nakuomba ufunge mdomo. Jambo hili halijamfikia bado yule linayemhusu zaidi.

Linamhusu zaidi dada yangu, nitakayemwita Mwanahamisi. Amepita miaka themanini. Yuko Tanga kwa mjukuu wake, na tangu mwaka jana hainuki kitandani bila kushikwa mkono. Mama yetu ni mmoja, baba zetu ni wawili. Baba yake, Mbwana bin Athumani, aliingia keya, jeshi la Waingereza la huku kwetu, wakati wa vita vya pili vya dunia, akapelekwa Burma, akamwacha mama na mimba. Baba yangu, Rajabu, aliandikishwa siku moja naye na wakapanda meli moja. Rajabu alirudi na jeraha la bega. Ndiye aliyeleta habari nyumbani kwamba Mbwana ameuawa msituni. Mama akakaa eda. Eda ilipokwisha, na muda ukapita, Rajabu akamposa, akamwoa. Nikazaliwa mimi, nikapewa jina la marehemu.

Kwetu mtoto akipewa jina la mzee wako, humwiti kwa jina hilo. Unamwita vile unavyomwita mzee mwenyewe. Kwa hiyo dada yangu, aliyenibeba mgongoni, ananiita baba. Hakuwahi kupata mtu mwingine wa kumwita hivyo, kwani Rajabu alimwita mzee tu, maisha yake yote. Nimeitikia jina hilo tangu sijajua kutembea.

Kila Shaaban, kabla ya Ramadhani kuingia, nyumbani kwetu husomwa hitima ya waliotangulia. Kabla ya dua, msomaji hutajiwa majina. Jina la kwanza lilikuwa daima lile lile: Mbwana bin Athumani, aliyefia vitani, ugenini. Nilipokuwa mdogo niliona fahari kusikia jina langu likitajwa mbele ya watu wazima wote waliokaa mkekani.

Dada yangu ana jambo moja alilolishika tangu utotoni. Baba yake angerudi lau angeweza. Wenzake walikuwa na baba waliokwenda kwenye mashamba ya mkonge wakapotelea kwa wanawake wengine. Yeye aliwaambia, "Wangu hakuniacha. Wangu aliuawa." Mume wake wa kwanza alipompa talaka akiwa na watoto wawili, nilikwenda kumpa pole. Alikuwa anapepeta mchele, wala hakuinua uso. "Mwanamume aliyeniacha ni huyu mmoja," alisema. "Baba yangu hakuniacha."

Mwaka jana, alipoanza kushindwa kutoka nje, alinipigia simu baada ya sala ya Ijumaa, kama ilivyo desturi yetu.

"Baba, wewe uko huko huko kwa waliomchukua," alisema. "Waulize walimlaza wapi. Wale waliandika kila kitu, hata kuku wa kambi waliwaandika."

"Nitauliza, dada."

"Usiniambie nitauliza kama karani wa serikali. Nenda!"

Akaeleza anachotaka. Katika hitima ya Shaaban hii, ambayo yeye anaamini ni ya mwisho kwake, patajwe mahali. "Sitaki tena kusikia ugenini. Ugenini si mahali. Nataka jina la mji, au mto, au hata kilima. Nikifika huko niendako nijue nimtafute upande gani."

Nikaenda.

Niwaeleze kwa ufupi jinsi kazi hii inavyofanyika, maana huenda mmoja wenu naye ana babu wa kumtafuta. Jumba la nyaraka liko upande wa magharibi wa jiji. Unaacha mkoba na koti mlangoni, unaingia na penseli tu, unaketi kwenye meza yenye nambari, na unaletewa vitabu vya kikosi ulivyoviagiza. Karatasi ni nyembamba, nyingine zimeliwa na unyevu. Majina ya watu wetu yameandikwa na watu wasioyajua, kila karani kwa masikio yake. Kumtafuta askari Mwafrika kwa jina ni kupoteza macho. Anayejua nambari ya jeshi ndiye mwenye bahati.

Sisi tulikuwa nayo. Baba yangu alisahau mengi uzeeni, hata majina ya wajukuu, lakini nambari yake ya jeshi hakuisahau. Aliitamka kwa Kiingereza cha kambini, akiwa amekaza mgongo. Na mara nyingi aliongeza, "Mbwana alikuwa nyuma yangu mstarini. Chukua yangu, ongeza moja, hiyo ndiyo yake." Nilichukua ya baba yangu, nikaongeza moja.

Nikaanza na orodha za waliouawa. Kisha waliopotea. Kisha waliokufa kwa maradhi, waliozama, waliofia mikononi mwa adui. Kisha makaburi ya huko Burma, moja baada ya jingine, na ukuta wenye majina ya wasio na kaburi. Kiangazi kizima nilikwenda kila nilipopata nguvu. Hakuwamo. Nilikasirika. Niliona wamemchukua mtu, wamemuua, halafu hawakujali hata kuandika jina lake. Niliwaandikia wahusika barua mbili za kuwakaripia, kwa Kiingereza safi, na nilipozipeleka posta nilijisikia vizuri.

Sasa naona haya tu kwa zile barua. Kosa lilikuwa langu, na ni kosa ambalo mtu asiye wa kwetu asingelifanya. Nilimtafuta mtu yule kwa wafu pekee, kwa sababu nilikuwa nimemwitikia amina tangu utoto.

Aliyenitoa huko ni rafiki yangu Harish wa Kingsbury. Ni mfamasia mstaafu, mzaliwa wa Nakuru, na tangu aache kazi amejipa shughuli ya kuwatafutia watu jamaa zao waliokuwa askari. Kiswahili chake kinaniumiza masikio, na sijui ningekuwa mpweke kiasi gani bila hicho.

"Mwalimu, wewe iko natafuta mtu yako kwa maiti tu," aliniambia. "Kwa nini hapana tafuta kwa watu hai?"

"Harish, huyu tumemsomea hitima."

"Sawa, lakini hitima yako jeshi hapana jua!"

Nilimwambia aache mzaha. Hakuacha. Alichukua zile nambari mbili, akaenda mwenyewe jumba la nyaraka na kamera yake.

Wiki tatu zilizopita akaniita nyumbani kwake. Nilipanda treni mpaka Kingsbury, nikapita yale maduka yao ya mboga na vyombo, na alinifungulia mlango kabla sijabisha. Mezani palikuwa na sahani ya jalebi za moto kutoka dukani. Mkewe alikuwa anamimina chai. Harish alinishika mikono yote miwili.

"Hongera, Mwalimu! Hongera! Mtu yako hapana kufa Burma!"

Nilikaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona.

Alinionyesha kwenye kompyuta. Ukurasa wa kwanza ulikuwa orodha ya kikosi. Mstari mmoja ulikuwa wa Rajabu, baba yangu: amejeruhiwa, amerudishwa, ameruhusiwa kuondoka jeshini. Chini yake, mstari wa Mbwana. Palikuwa pameandikwa amepotea, adhaniwa ameuawa. Maneno hayo yalikuwa yamekatwa kwa wino, na juu yake mkono mwingine umeandika kuwa yu hai, yuko hospitali, Bara Hindi.

Nakiri kwamba kwa dakika chache nilifurahi pamoja na Harish. Nilifurahi kwa ajili ya baba yangu. Hata jeshi lenyewe lilidhani Mbwana amekufa, basi Rajabu hakuleta uongo. Alisema alichokiona au alichoambiwa, akapanda meli, na sahihisho lile lilifanyika yeye akiwa ameshaondoka. Barua ya kusahihisha haikutufikia, au haikuandikwa. Nilinyosha mkono kuchukua chai.

"Ngoja, iko ingine," Harish alisema. "Hii ndiyo nzuri sana. Alirudi nyumbani!"

Ukurasa wa pili ulitoka kwenye jalada la kambi, huko kwetu Afrika. Mbwana alikaa hospitali muda mrefu, mguu wake wa kushoto ukapona vibaya. Akarudishwa kwa meli. Akapewa likizo ya kwenda kwao na hati ya kusafiria, na kijiji kilichotajwa kwenye hati ni chetu. Akaenda. Alirudi kambini likizo ikiwa haijafika nusu. Siku ile ile aliomba aandikishwe upya, kazi yoyote, hata ya ghala. Wakamkubali.

Karani akamjazia karatasi mpya. Kwenye ile ya zamani, safu ya jamaa wa karibu ilikuwa na jina la mama yangu. Kwenye mpya, karani ameuliza tena kama sheria inavyotaka, na ameandika jibu alilopewa.

Hakuna.

Nililisoma neno hilo mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Mkewe Harish ndiye aliyeona uso wangu kwanza. Alisema kitu kwa Kigujarati, naye Harish akaiondoa ile sahani ya jalebi mbele yangu kama mtu anayeondoa kitu cha aibu.

"Pole, Mwalimu," alisema. "Mimi nilifikiri mtu kuwa hai ni habari nzuri."

Anayetafutiwa kaburi akikutwa hai, nani asingenunua vitamu? Nilimshukuru, nikamwombea heri, nikaondoka. Katika treni ya kurudi mashariki nilipitiliza Ilford bila kujua, nikashtuka nimefika mahali nisipopafahamu, nikasimama kwenye baridi kungoja ya kurudi.

Tangu siku hiyo nafanya hesabu ambayo siipendi. Nikilinganisha tarehe ya likizo na ya kuzaliwa kwangu, mama alikuwa na mimba yangu. Mwanahamisi alikuwa mtoto wa kukimbiakimbia uani. Kijiji chetu kilikuwa na nyumba chache na njia moja ya kuingilia. Askari mwenye sare, anayechechemea, anayejulikana na kila mtu, haingii mahali pale bila kuonekana.

Kwa hiyo alionekana.

Mtu alimpokea. Mtu alimkalisha kitako, akampa maji, akamwambia mkeo ameolewa, na aliyemwoa ni Rajabu, na kuna mimba. Labda ni baba yangu mwenyewe aliyemwambia. Labda walikutana, marafiki wawili wa mstari mmoja, wakazungumza. Labda alimwona mtoto wake kwa mbali, labda hakutaka kumwona. Sijui. Kisha akaondoka, na kijiji kizima kikafunga mdomo.

Kisha nikazaliwa, nikaitwa Mbwana.

Nimekuwa nikidhani nimepewa jina la marehemu. Walionipa walijua, au angalau mmoja wao alijua, kwamba mwenyewe yuko kambini anahesabu magunia. Je, lilikuwa ombi la radhi? Au lilikuwa njia ya kumzika kwa mara ya pili? Nimelibeba jina hili kwenye vyeti vyote, na leo naliona kama nguo ya mtu niliyoiazima bila ruhusa.

Na hitima. Wazee wale waliokuja kila Shaaban, wakavua viatu, wakasoma juzuu zao, wakatajiwa aliyefia vitani ugenini, wakainua mikono. Wangapi kati yao walimwona akiingia na akitoka? Walikula wali wetu. Waliitikia amina.

Mama hakuwahi kukaa karibu na kisomo. Siku hiyo alikuwa jikoni tangu asubuhi, na majina yalipoanza kutajwa alikuwa daima na chungu cha kuangalia. Sisi watoto tulisema mama anapenda kazi. Sitaki kulisema zaidi ya hapo. Amekufa, na hawezi kunijibu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa sheikh wetu hapa Ilford, mtu wa Lamu, mpole. Nilimwuliza kuhusu ndoa iliyofungwa kwa kuamini kwamba mume wa kwanza amekufa.

"Hiyo ni shubuha, Mzee Mbwana, kosa la kutojua," alisema. "Walioana kwa nia safi. Mtoto wa shubuha ni mtoto halali wa babake. Wewe nenda zako ukalale, usijichimbue mambo ya miaka yote hiyo."

Nilimshukuru. Nilipofika barabarani nikatambua kwamba sikumtajia likizo. Nilimwuliza tu kuhusu siku ambazo hawakujua, nikaziacha zile walizojua. Mimi ambaye nimewaadhibu watoto kwa kujibu nusu ya swali.

Kurasa za mwisho za Harish zinasema Mbwana bin Athumani alikufa kwa maradhi ya kifua katika hospitali ya kambi, mimi nikiwa mtoto wa shule ninayejifunza kuandika anwani juu ya barua. Amezikwa kwenye makaburi ya Waislamu ya mji wa bara wenye kambi ile. Siutaji hapa. Nitasema tu kwamba ni safari ya siku moja kwa basi kutoka Tanga. Miaka yote ile dada yangu alipokuwa anajigamba kwa wenzake, baba yake alikuwa umbali wa siku moja, ana likizo kila mwaka, na hakuja tena.

Hilo ndilo ninalotakiwa kumpelekea.

Binti yangu Zainabu, ninayeishi naye, ni muuguzi. Nilimweleza juzi jikoni akiwa anavua viatu vya kazini.

"Mwambie tu, Baba. She has a right," alisema. "Ni baba yake yeye, si wako. Huwezi kumfichia shangazi baba yake."

"Na nikimwambia aliulizwa jamaa akajibu hana?"

"Hiyo si lazima umwambie. Mwambie alirudi, akaona mtoto anamwita Babu Rajabu mzee, ana nyumba, anakula, akaona asivuruge. Labda ilikuwa huruma."

"Labda," nikasema. "Lakini karani hakuandika labda."

"Baba, ile ni fomu! Mtu ana hasira, ameulizwa na mzungu mbele ya foleni, atasema nini? Kwamba mke wangu kaolewa na rafiki yangu?"

Alikuwa na haki. Kisha akaniharibia. "Kazini nawaambia watu habari mbaya kila siku," alisema. "Hawafi kwa kuambiwa."

"Wako wewe unawaambia wanakufa," nikamjibu. "Mimi namwambia aliachwa."

Alichukua chai yake akapanda juu. Nilimsikia akifunga mlango kwa upole, jambo ambalo hulifanya akiwa amekasirika sana.

Jana ilikuwa Ijumaa. Simu ililia baada ya sala kama kawaida. Niliitazama, nikaiacha ikate. Ikalia tena. Dada yangu hajui kukata tamaa na simu.

"Baba, mchele umeshanunuliwa," alianza bila salamu. "Wasomaji wamealikwa. Nimewaambia mwaka huu patatajwa mahali. Umepata?"

"Bado, dada. Wanatafuta."

Nikasikia mjukuu wake akimwekea mto mgongoni na yeye akimfukuza.

"Baba."

"Labeka."

"Ulipokuwa mtoto ukivunja kitu ulikuwa unaongea hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Umepata nini?"

Nilisema mtandao ni mbaya. Nilisema nasikia nusu nusu.

"Basi sikia nusu hii," alisema, na sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko ya mwezi uliopita. "Kama ni baya, niletee baya. Nimezika watoto wawili kwa mikono hii. Kama alichomwa moto, niambie. Kama aliliwa na mamba, niambie, nitasoma dua kwa mto. Mimi si bibi wa kufunikwa shuka."

Nikamwambia tutaongea. Akasema, "Ijumaa. Usije na mafua." Akakata.

Nimeyafikiria maneno yake tangu jana. Anasema kweli, hakuna kifo kitakachomshinda. Amekaa miaka themanini akijiandaa kwa kifo kibaya. Hajajiandaa kwa likizo.

Naweza kumwambia hakupatikana. Atatajiwa tena ugenini, atasikitika, na atakufa akiwa binti wa mtu ambaye angerudi lau angeweza. Lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimemnyima kaburi. Kama baba yake angekuwa amelala Burma, ningesema hatafika huko kamwe, basi jina la mto lingetosha. Huyu amelala mahali ambapo mjukuu mwenye gari anaweza kumfikisha, akapumzika njiani, akashushwa, akaweka kiganja juu ya udongo. Anaweza mwaka huu. Sidhani kama ataweza mwakani.

Naweza kumtajia mji tu na kunyamaza. Nimelijaribu hilo kichwani tangu asubuhi. Nasema, "Dada, amelala mji fulani, makaburi ya Waislamu karibu na kambi." Yeye ananiuliza, "Alifikaje huko na alifia Burma?" Hapo nasimama. Kila jibu ninalolitunga, analivunja kwa swali moja. Namjua. Mimi ndiye niliyekwenda chuo, lakini wa kumdanganya yeye hakuzaliwa nyumbani kwetu. Au nilidhani hakuzaliwa.

Na naweza kumwambia yote. Nimsomee safu ile na neno lililomo. Nimwachie yeye aamue kama ilikuwa hasira, au aibu, au huruma kama asemavyo Zainabu, au kama baba yake hakumtaka. Atakuwa na wiki chache kabla ya Ramadhani kulikamilisha jambo ambalo mimi, mwenye miguu yangu miwili na madarasa yangu yote, sijalikamilisha kwa siku hizi zote. Kisha aende kwenye kaburi lile akijua anakwenda kumtembelea nani.

Lakini nani alinipa mimi, mwana wa Rajabu, ruhusa ya kumpokonya baba yake? Kama mama asingeolewa na baba yangu, Mbwana angeikuta nyumba yake. Nisingekuwepo mimi, na dada yangu angekuwa na mtu wa kumwita baba asiyekuwa mdogo wake. Nikimpelekea habari hii, ninampelekea pia jina la aliyekaa mahali pake. Na bado ndiye mwanamke aliyeninunulia kalamu yangu ya kwanza.

Zainabu ameshuka sasa hivi kuchukua chakula chake. Amenitazama ninavyochapa, akaniwekea blanketi mabegani, akaenda zake.

Ijumaa itafika, niwe nimeamua au sijaamua. Safari hii nitaipokea simu mlio wa kwanza. Nitakalokuwa nimemwambia, nitaliandika hapa kama lilivyo, bila kulipamba. Nitaliandika hata kama nilichoamua ni kumdanganya.